Tufe Lililotangulia Kipanya

Ukiuliza kama trakiboli inaweza kushika nafasi ya kipanya, mara nyingi utaonyeshwa meza za ofisi: vipanya vimejaa, trakiboli haionekani, basi shauri limekwisha. Jibu hilo linageuza matokeo kuwa sababu. Wingi wa kitu sokoni unatuambia kilichotokea, hautuambii kwa nini kilitokea, na habari ya vifaa hivi viwili ina mikunjo mingi kuliko inavyodhaniwa. Trakiboli ni tufe linalokaa ndani ya kitako kisichosogea. Mtumiaji hulizungusha kwa vidole au kwa kidole gumba, na kishale kikatembea kwenye skrini. Ilibuniwa mwaka 1946, miaka 18 kabla ya kipanya cha kwanza. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba, wakati uamuzi ulipokuwa unafanyika, trakiboli haikuwahi kupambanishwa na kipanya kwa haki. Katika vipimo viwili vilivyokijengea kipanya jina, haikuwemo ulingoni kabisa. Na mahali ambapo kazi yenyewe ndiyo iliyochagua kifaa, tufe lilichaguliwa, na bado lipo.

Mwanzo wake ni rada za kivita. Ralph Benjamin alizaliwa Ujerumani katika familia ya Kiyahudi, akakimbilia Uingereza akiwa kijana, kisha akawa mhandisi katika idara ya kisayansi ya Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo. Tatizo alilokabidhiwa lilikuwa la wazi. Mwendeshaji wa rada huona nukta kwenye kioo, na nukta hiyo ni ndege. Ili mashine ya kukokotoa ijue ndege inaelekea wapi, ni lazima mwendeshaji aiambie nukta ilipo sasa, aiambie tena baada ya muda mfupi, halafu tena, huku nukta nyingine zikizidi kutokea. Fimbo ya kuongozea ilikuwa ikitumika kwa kazi hiyo, lakini Benjamin aliona kuna njia laini zaidi: tufe la chuma linalogusa magurudumu mawili madogo yaliyokaa kwa pembe mraba, moja likipima mwendo wa kulia na kushoto, jingine mwendo wa juu na chini. Hataza iliombwa mwaka 1947, lakini kifaa chenyewe kilifichwa kama siri ya kijeshi. Usiri huo ulikuwa na gharama yake. Wazo lilipozaliwa tena kwingine, lilizaliwa upya kabisa, na waliokuja kuandika historia ya kompyuta walianza kuhesabu kutoka mahali palipokuwa wazi kusomwa.

Kwingine huko kulikuwa Kanada. Wanamaji wa nchi hiyo walitoka katika Vita vya Pili vya Dunia na somo chungu la kulinda misafara ya meli katika Atlantiki, ambako kila meli iliona sehemu yake tu ya bahari. Mradi wao wa DATAR ulikusudiwa kuziunganisha picha za rada na sona za meli nyingi kwa njia ya redio, ili kila nahodha aone kile ambacho msafara mzima unakiona. Wahandisi wa kampuni ya Ferranti Canada, akina Tom Cranston, Fred Longstaff na Kenyon Taylor, walihitaji namna ya mwendeshaji kuonyesha mahali kwenye kioo. Mwaka 1952 wakachukua mpira wa bolingi ya Kikanada ya pini tano, ambao ni mdogo kuliko ule wa kawaida na hauna matundu ya vidole, wakauweka kwa namna ya kuzunguka bila kukwama. Mwaka 1953 mfumo ulijaribiwa katika Ziwa Ontario, kwa meli mbili za kutegua mabomu ya baharini na kituo cha nchi kavu kilichoigiza meli ya tatu. Ulifanya kazi. Kilichouangusha ni gharama, pamoja na uzito na joto la kompyuta yenye maelfu ya valvu iliyotakiwa kuingia ndani ya kila meli. Mpira haukuwa na kosa lolote katika anguko hilo.

Inafaa kutazama kwa nini mabaharia wa nchi mbili, bila kuambizana, walifikia umbo lile lile. Sitaha ya meli huinama. Kitu chochote kilicholazwa juu ya meza bila kufungwa kitateleza, na katika chumba chenye watu na mitambo iliyobanana hakuna hata hiyo meza. Tufe lililozamishwa ndani ya dawati la vidhibiti halitelezi, halihitaji nafasi ya kusogezwa, na mkono hulikuta pale pale ulipoliacha hata gizani. Tena tufe zito likisukumwa huendelea kuzunguka kwa nguvu yake, kwa hiyo msukumo mmoja hukivusha kishale kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine, kisha ncha ya kidole hukisimamisha palipokusudiwa. Waundaji wa mashine za michezo za Atari waliitumia sifa hiyo hiyo miaka mingi baadaye, katika Missile Command ya mwaka 1980 na Centipede ya mwaka 1981, michezo ambayo mchezaji mwenye mkono mzito alimalizika haraka sana. Hizo ni sifa za kudumu za umbo lenyewe, na yeyote anayekadiria trakiboli leo aanze nazo kabla hajafika kwenye bei na rangi.

Ujerumani ilitoa ushahidi mwingine ambao, kwa maoni yangu, ndio unaofumbua zaidi. Kampuni ya Telefunken ilikuwa ikitengeneza matufe ya kuongozea kwa ajili ya rada za waongozaji wa ndege. Mhandisi wake Rainer Mallebrein alipotakiwa kuandaa kifaa cha skrini za kompyuta za kampuni hiyo, alikutana na kikwazo cha kiseremala tu: tufe la rada lilitaka meza itobolewe. Akalipindua. Tufe likatazama chini, likafunikwa kwa kava la duara, na badala ya mkono kulizungusha, meza ndiyo ikawa inalizungusha kifaa kinaposogezwa. Kipeperushi cha kifaa hicho, Rollkugel, ni cha tarehe 2 Oktoba 1968. Tarehe 9 Desemba mwaka huo huo Douglas Engelbart alionyesha kipanya chake hadharani mjini San Francisco. Maombi ya hataza ya Telefunken yalikataliwa kwa maelezo kwamba uvumbuzi huo haukuwa na kiwango cha ubunifu cha kutosha. Kumbe kipanya chenye tufe, aina iliyokuja kutawala meza za dunia kwa miaka mingi, kilitengenezwa Ujerumani kwa kuipindua trakiboli, kwa sababu watu hawakutaka kutoboa meza zao.

Engelbart mwenyewe alipita njia nyingine. Kipanya chake cha kwanza, kilichotengenezwa na Bill English mwaka 1964 katika taasisi ya utafiti ya Stanford, kilikuwa kipande cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake, na hakikuwa na tufe. Heshima yake ni halali. Pamoja na kubuni kifaa, timu hiyo ilifanya jambo adimu wakati ule: ilivishindanisha vifaa na kuviwekea saa. Ripoti waliyoichapisha mwaka 1967 ililinganisha kipanya, kalamu ya mwanga, fimbo ya kuongozea, kifaa cha Grafacon chenye mkono wa kuvutwa, na kidhibiti cha kusukumwa kwa goti. Kwa waliokwisha kuzoea, kipanya kiliongoza kwa tofauti ndogo. Kwa wasiozoea, kalamu ya mwanga na goti vilikishinda. Soma orodha hiyo tena: trakiboli haimo. Miaka 11 baadaye, mwaka 1978, Stuart Card, English na Betty Burr wa kituo cha utafiti cha Xerox mjini Palo Alto walichapisha jaribio jingine, lenye hesabu kali zaidi, wakitumia kanuni ya mwanasaikolojia Paul Fitts ya mwaka 1954 inayohusisha muda wa kufikia shabaha na umbali pamoja na ukubwa wake. Kipanya kilishinda fimbo na vibonyezo vya kibodi, na matokeo hayo yakawa hoja nzito ya kukiingiza katika bidhaa za Xerox. Humo nako trakiboli haimo. Sisemi kwamba watafiti hao walificha kitu. Walipima walivyovichagua, wakaripoti kwa uaminifu. Nasema kwamba wanaozitaja ripoti hizo kama hukumu dhidi ya trakiboli wanamhukumu mshtakiwa ambaye hakuwahi kuitwa mahakamani.

Kuna jambo la ajabu zaidi lililofuata. English alihamia Xerox mwaka 1971, na hapo magurudumu mawili ya kipanya yakabadilishwa, likawekwa tufe linalosukuma vibiringishio viwili vilivyokaa kwa pembe mraba. Huo ni utaratibu ule ule wa Benjamin. Kwa hiyo kipanya kilichoenea duniani kilibeba trakiboli tumboni, pamoja na ugonjwa wake mkubwa, yaani uchafu. Walioendesha vibanda vya intaneti Dar es Salaam, Nairobi na Kampala mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 wanaujua ugonjwa huo: kishale kinaanza kurukaruka, unakigeuza kipanya, unafungua kifuniko, gololi inatoka, na ndani unakuta vibiringishio vimevikwa pete za vumbi na nywele. Anayelalamika kwamba trakiboli hukusanya uchafu analalamikia jambo la kweli. Ila tufe linaloangalia juu huguswa na vidole tu, wakati gololi inayoangalia chini hufagia meza nzima. Na dawa ya kutumia macho ya mwanga badala ya vibiringishio iliifikia trakiboli mapema: Logitech iliuza TrackMan Marble, iliyosoma madoa ya tufe kwa mwanga, mwaka 1995, miaka minne kabla Microsoft haijaleta kipanya chake maarufu cha mwanga kinachofanya kazi juu ya meza ya kawaida.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote limo katika kipimo ambacho hatimaye kiliiita trakiboli. Mwaka 1991 Scott MacKenzie, Abigail Sellen na William Buxton walilinganisha kipanya, kalamu ya kibao cha kuchorea na trakiboli, kwa kazi mbili: kuelekeza kishale kwenye shabaha, na kuburuta kitu huku kibonyezo kimeshikiliwa. Trakiboli ilikuwa ya tatu katika zote mbili. Hapa hakuna pa kukwepea, na mtetezi wa trakiboli anayeliacha jaribio hili nje ya maelezo yake hastahili kusikilizwa. Tulisome vizuri basi. Kuburuta ndiko kulikoiangusha vibaya, na sababu yake iko mkononi. Mwenye kipanya hubonyeza kwa kidole na kusogeza kwa mkono mzima, kwa hiyo kazi mbili zimegawanywa kwa viungo viwili tofauti. Mwenye trakiboli hulazimika kushikilia kibonyezo na kuzungusha tufe kwa vidole vya mkono ule ule. Kimoja kikikaza, kingine hupungukiwa na uhuru. Huo ni udhaifu wa kweli, na anayechora ramani au kukata picha kwa kuburuta siku nzima ana haki ya kubaki na kipanya. Lakini katika kuelekeza tu, swali linabaki kuhusu nani anapimwa na kwa muda gani. Ripoti ya 1967 ilikwisha kuonyesha kwamba kipanya chenyewe kilishindwa na goti mikononi mwa wageni na kikashinda mikononi mwa wazoefu. Kama uzoefu uliweza kubadilisha mpangilio kwa kipanya, basi jaribio la muda mfupi halitoshi kufunga kesi ya kifaa kingine chochote. Tena, kazi za ofisi zimejaa mambo yasiyohitaji kuburuta hata kidogo, na trakiboli nyingi za leo zina kibonyezo kinachoweza kupangwa kikae kimeshikwa baada ya kubonyezwa mara moja.

Pingamizi la pili ni la soko: kama kifaa ni kizuri, mbona watu hawakukinunua? Watu walinunua kompyuta, na kipanya kilikuwa ndani ya boksi. Xerox Star ya mwaka 1981, Lisa ya Apple ya mwaka 1983 na Macintosh ya Januari 1984 zote zilikuja na kipanya, na programu zake ziliandikwa kwa mtu anayebonyeza na kuburuta, yaani kwa zoezi lile lile ambalo trakiboli hulipata kwa shida. Aliyetaka trakiboli, kwa mfano Turbo Mouse ya Kensington iliyotoka mwaka 1986, alipaswa kulipa mara ya pili kwa ajili ya kitu ambacho tayari alikuwa na mbadala wake bure. Chini ya masharti hayo soko halikuulizwa kifaa kipi ni bora. Liliulizwa kama liko tayari kulipa zaidi.

Soko lilipoulizwa swali jingine, lilijibu vingine. Kompyuta mpakato haina meza ya uhakika, na Apple ilipotengeneza Macintosh Portable mwaka 1989, kisha PowerBook mwaka 1991, iliweka trakiboli. PowerBook ilifanya kitu ambacho wengi wetu tunakitumia kila siku bila kukijua. Mpaka hapo kompyuta za kubeba zilikuwa na kibodi kwenye ukingo wa mbele. PowerBook iliisukuma kibodi nyuma karibu na skrini, ikaacha uwanja wa kupumzishia viganja, na katikati ya uwanja huo ikaweka tufe. Karibu kila kompyuta mpakato iliyofuata imeiga mpangilio huo. Mwaka 1994, katika PowerBook 500, tufe liliondolewa na kibao cha mguso kikaketi mahali pake. Kuondolewa huko nakuona ni haki: tufe linataka kina, na kompyuta zilikuwa zinakonda; tufe linataka kusafishwa, na kibao hakina kinachozunguka. Simu nazo zilipita njia hiyo kwa haraka, kwani BlackBerry Pearl ya mwaka 2006 ilikuwa na kitufe kidogo cha kuzunguka ambacho miaka michache baadaye kilibadilishwa na kihisio cha mwanga. Katika vifaa vya kubebwa, trakiboli ilishindwa na wembamba. Kipanya nacho hakikupata nafasi ya kudumu ndani ya vifaa hivyo.

Tuje kwenye vyumba ambamo tufe limekaa. Rada na chati za kielektroniki kwenye daraja la meli, zikiwemo meli zinazotia nanga Mombasa, Dar es Salaam na Tanga, kwa kawaida huendeshwa kwa trakiboli, kwa sababu zile zile za sitaha inayoinama. Lakini mfano ninaouthamini zaidi uko hospitalini, kwa sababu mamilioni ya akina mama wa Afrika Mashariki wamelala kando yake. Mashine ya altrasaundi ya kusimama ina tufe katikati ya dawati lake. Mpimaji anashikilia kifaa cha mawimbi juu ya tumbo la mama kwa mkono mmoja, na mkono huo hauruhusiwi kuachia. Mkono wa pili huigandisha picha, huzungusha tufe hadi alama iguse upande mmoja wa kichwa cha mtoto, hubonyeza, huzungusha tena hadi upande wa pili, hubonyeza, na mashine hutoa kipimo kinachosaidia kukadiria umri wa mimba. Kisha mfupa wa paja, kisha tumbo. Hapo hakuna kuburuta; kuna kuelekeza na kubonyeza, mara nyingi kwa siku, kwa usahihi ambao maamuzi ya uzazi huutegemea. Kipanya kingehitaji meza ambayo mashine hiyo yenye magurudumu haina. Jeli ya kupimia huingia kandokando ya tufe na lazima lisafishwe. Mafundi wanalijua hilo na kulisafisha ni sehemu ya matunzo. Zipo mashine mpya zenye kioo cha mguso, hata hivyo tufe halijafukuzwa, maana mpimaji hulipata kwa kidole bila kuyaondoa macho yake kwenye picha.

Limebaki suala la afya, ambalo wauzaji hulitia chumvi. Trakiboli husifiwa kwamba huponya mkono. Ushahidi hauendi mbali hivyo. Utafiti wa Peter Keir na wenzake wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba shinikizo ndani ya mfereji wa neva kwenye kifundo cha mkono hupanda mtu anapofanya kazi kwa kipanya, hasa anapoburuta, na kwamba kubadilisha umbo la kipanya hakukuleta nafuu ya maana. Mwaka huo huo Robin Burgess-Limerick na wenzake wa Australia walipima mkao wa kifundo na kukuta kwamba trakiboli hupunguza kule kupinda kwa mkono kuelekea upande wa kidole cha mwisho, ila huongeza kule kuinuka kwa kiganja kuelekea juu, tena kwa tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Ukikusanya hayo, trakiboli hubadilisha mahali mzigo unapoangukia. Bega na mkono wa juu hupumzika kwa sababu havisogezi kitu. Vidole, au kidole gumba katika aina zinazotumia hicho, huchukua kazi. Mwenye maumivu ya bega ana sababu nzuri ya kuijaribu. Mwenye maumivu ya kidole gumba achague yenye tufe la katikati linalozungushwa kwa vidole kadhaa, na ambayo inafaa mkono wowote, au aiache kabisa.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa anayechora, anayehariri picha, au anayecheza michezo iliyoandikwa kwa ajili ya kipanya, kipanya ni chombo bora na hana sababu ya kuhama. Kwa karani, mwandishi, mhasibu, mtangazaji kwenye dawati finyu, mtu ambaye mkono wake hauwezi kutembea juu ya meza kwa sababu ya ulemavu au maumivu, trakiboli ni mbadala kamili, mradi asiipime siku ya kwanza, kwa kuwa siku ya kwanza hupima mazoea ya kipanya. Wanaonunua vifaa kwa ajili ya ofisi za umma, shule na hospitali wasiendelee kuagiza vipanya kwa mamia bila kuuliza. Wawaulize wafanyakazi wenye maumivu ya bega na wenye ulemavu wa mkono, wawape trakiboli kwa wiki kadhaa, kisha wawaachie wao waseme wanabaki na kipi.